Paulin Chanda, Aliyeutoa Mto kwa Utani

Mchungaji Israël, wazee wa ukoo wa Samaki mliopita matope ya barabara ya Kasenga ili kufika hapa, Maître Madeleine na mawakili wenzako, ba mama wauza samaki wa mtaa wetu wa Kenya, majirani wa Katuba, na ninyi watani wetu wa ukoo wa Mamba ambao leo mna ruhusa ya kusema lolote, familia inawasalimu wote, na inawaomba mkae penye kivuli, kwa sababu maisha ya miaka sitini na minane hayasomeki kwa pumzi moja.

Paulin Chanda Mwila alizaliwa Kasenga, kando ya mto Luapula, tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa Mzee Mwila, seremala wa mitumbwi, na Mama Mwaba wa ukoo wa Samaki, na kwa kuwa kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama yake, naye alikuwa Samaki tangu siku ile. Ua uliofuata ulikuwa wa watu wa ukoo wa Mamba, na humo alizaliwa mwaka uleule Adalbert Kapya, ambaye wengi wenu mmemwona tangu juzi akizunguka hapa matangani na kofia ya marehemu kichwani. Kwa wale waliotoka mbali, inafaa tueleze kwamba Samaki na Mamba ni watani, utani ambao watu wa Luapula huuita bunungwe: kwa sababu mamba humla samaki majini, watu wa koo hizo wakikutana nchi kavu hutukanana bila kukasirika, hunyang'anyana vitu sokoni, tena huzikana, na yule anayekasirika hutozwa kuku. Paulin na Adalbert walitukanana hivyo tangu walipojua kusema, na mwalimu wao wa kwanza, mtu wa kutoka Kasai ambaye hakuijua desturi hiyo, aliwatenganisha madawati mwaka mzima akidhani ni maadui.

Alisoma shule ya msingi Kasenga kuanzia 1963 hadi 1969, akaja Lubumbashi kwa masomo ya sekondari, akaishi kwa shangazi yake Kamalondo, na mwaka 1975 akapata diploma yake ya serikali katika ualimu. Mwaka uliofuata alitumwa Mitwaba, na huko alifundisha miaka kumi na mmoja, jiografia na hesabu, katika shule ambayo haikuwa na ramani hata moja, hivyo alichora ramani ya Katanga ukutani kwa makaa, akaiongezea mto mmoja mmoja kila muhula, na wanafunzi wake wanasema kwamba mto Luapula aliuchora wa kwanza na kwa unene usiostahili. Hakuwa mwalimu mkali, ila alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza kwa muda mrefu, tabia ambayo wanawe waliichukia utotoni na ambayo baadaye iliwasumbua hata mahakimu.

Tarehe 9 Agosti 1980, hapa Lubumbashi, alifunga ndoa na Hortense, binti wa familia ya Kikasai iliyokuwa na duka la vitambaa, na ndoa hiyo haikupendwa sana na upande wowote, lakini ilidumu miaka arobaini na mitano. Katika miaka ile migumu ya 1992 na 1993, watu wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa Katanga, aliwaficha wakwe zake katika chumba cha barafu cha depo yake ya samaki, mashine ikiwa imezimwa, na hakupenda kulisimulia jambo hilo, akisema kwamba majirani waliokuwa wakipiga kelele nje nao aliwajua majina, na wengine walikuwa wateja. Mungu aliwajalia watoto wanne: Guelor, Gracia, Djo aliyefariki kwa malaria mwaka 1994 akiwa na miaka saba, na Séphora, na wajukuu tisa.

Mshahara wa mwalimu ulipokuwa umebaki jina tu, aliacha chaki mwaka 1987 na kuanza kuleta samaki kutoka Kasenga, mpale wabichi ndani ya barafu na chisense wakavu kwenye magunia, na depo yake ya mtaa wa Kenya ikajulikana kwa jambo moja, kwamba samaki aliyelala siku mbili aliuzwa kama samaki aliyelala siku mbili. Ba mama waliokuwa wakinunua kwake walimwita Ba Barafu.

Sasa tunafika kwenye jambo lililofanya jina lake lisomwe mahakamani, na familia imekubaliana kulisema hapa lote, kwa sababu limekwisha kusemwa nusunusu katika kila baa ya Kasenga. Mwaka 2015 mjomba wake alifariki, na kwa desturi Paulin alirithi jina na kiti chake, akawa mzee wa ukoo wa Samaki, mlinzi wa mbuga zile ambazo Luapula huzifunika kila masika, ambako mpale huingia katikati ya nyasi kutaga mayai. Kwa sheria mbuga hizo ni ardhi ya serikali, pamoja na kilicho chini yake, na yeye hakuwahi kulipinga hilo, ila kwa desturi hakuna wavu unaotupwa huko kabla mzee wa Samaki hajaruhusu, na serikali nyingi zimepita bila kuona ubaya wowote katika hilo.

Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba mbuga hizo zimo ndani ya kitalu kimoja cha kutafutia mafuta na gesi, na kampuni moja, ambayo jina lake tuliona vema lisisomwe mbele ya jeneza, iliomba kukodishwa kitalu hicho. Sheria inataka wenyeji waulizwe kwanza. Basi tarehe 18 Agosti 2022 walikuja Kasenga wajumbe wa serikali na wa kampuni, na aliyewatangulia, akiwa amevaa kofia nyeupe ya kampuni, alikuwa Adalbert Kapya, kwa kuwa ndiye aliyeajiriwa kuunganisha kampuni na wenyeji, kazi aliyoipata uzeeni akiwa na watoto wawili chuo kikuu, na hakuna aliyemlaumu kwa kuipata.

Kule kwetu, watu wa koo hizi mbili wakikutana kwa jambo zito, utaratibu haubadiliki: kwanza ni utani, kisha chakula, na baada ya chakula ndipo maneno yenyewe. Adalbert alisimama, akawatazama watu wa Samaki waliojaa uwanjani, akasema, "Ba Samaki, munaogopa nini? Siku yote munakaangwa na mafuta ya bengine, sasa mutakaangwa na mafuta yenu!" Uwanja mzima ukacheka, na ikawa zamu ya Paulin, mzee wa ukoo, kujibu, na asingejibu ingekuwa aibu ya ukoo mzima. Akajibu, "Mamba, nani anaweza kukunyima? Mto yote iko yako, samaki yote iko yako, na siye benyewe tuko chakula yako. Beba yote, usiache hata mwiba!" Wanawake walipiga vigelegele, masufuria yakafunuliwa, na watu wakaenda kunawa mikono.

Wageni hawakula. Barabara ilikuwa mbaya na dereva wao alitaka kuvuka madaraja kabla ya giza, hivyo waliaga, wakapanda magari, na Adalbert akalazimika kupanda nao, na maneno yenyewe hayakusemwa kamwe. Karani wao aliyetoka Kinshasa, kijana msemaji wa Kilingala aliyekijua Kiswahili kidogo, aliandika kwa unyoofu kile alichokisikia, kwamba mzee wa ukoo mbele ya watu wote alitoa mto bila sharti lolote na watu wakashangilia. Paulin naye hakushtuka, akidhani kwamba watu ambao hawajala watarudi kula. Mwanzoni mwa 2023 redio ilitangaza kwamba kitalu kimekodishwa kwa ridhaa ya wenyeji, na jina lililotajwa lilikuwa lake.

Mama Hortense, ambaye anakubali leo yasomwe maneno yake, alimwambia siku hiyo jikoni, "Weye mwalimu muzima! Unatoa mto ya bantu juu ya kicheko!" Kasenga walisema kwamba alikula pesa. Mitumbwi iliyokuwa ikimletea samaki kwa miaka thelathini ilianza kupeleka kwa wengine, na mwaka 2024 depo ya Kenya ilifungwa, na ba mama waliokuwa wakimwita Ba Barafu wakawa wakivuka barabara wakimwona, si wote, lakini wa kutosha.

Alikwenda kwa Maître Madeleine, kule mtaa wa Golf, naye akaikubali kesi. Kwanza waliandikia serikali kuiomba iondoe uamuzi wake, kama sheria inavyotaka, na ilipopita muda bila jibu, tarehe 5 Juni 2023 familia za wavuvi wa vijiji vinne, yeye akiwa wa kwanza, zilifungua mashtaka hapa Lubumbashi kutaka ukodishaji ule ufutwe. Tatizo lilikuwa ni maneno yake mwenyewe. Maître Madeleine, mzaliwa wa mji huu, ambaye wazazi wake walitoka Kasai, alimshauri aseme kwamba Adalbert alimdanganya, kwa kuwa ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu haina nguvu, na kesi ingekwisha mapema. Paulin akasema, "Maître, ile iko uongo. Hakunidanganya. Tulikuwa tunacheka." Maître alimuuliza kama anaona heri mbuga ziende. Akasema hapana, mbuga zisiende, na Adalbert pia asiende. Maître ametuambia kwamba alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amekasirika, na kwamba ilimchukua miezi kadhaa kuona kwamba mteja wake hakuwa mkaidi, ila alikuwa anatafuta njia ambayo ndani yake hakuna mtu anayegeuzwa kuwa mwizi.

Inafaa tuseme pia kwamba hata ndani ya nyumba hatukuwa na sauti moja. Guelor, mwanawe wa kwanza, anayefanya kazi mgodini, alimwambia baba yake waziwazi kwamba mafuta yangeleta umeme na lami Kasenga, na kwamba vijana wa kule wamechoka kuwa walinzi wa nyasi, na baba yake hakumkemea, bali alikubali kwamba barafu yake mwenyewe iliganda miaka yote kwa jenereta ya mazutu, mafuta ya dizeli, na lori lake halikwenda kwa maji. Alichokitaka, alisema, ni watu wale, Guelor na vijana wake wakiwemo, waulizwe baada ya kula. Walibishana hivyo Jumapili nyingi, na Guelor ndiye aliyekuwa akimpeleka mahakamani kwa gari lake.

Ugonjwa wa sukari, aliokuwa nao tangu 2011, ulikuwa umefika kwenye figo, na kufikia tarehe 20 Novemba 2024, siku ya kusikiliza mashahidi, alikuwa amekonda kiasi cha kuvaa koti la Guelor la zamani. Upande wa kampuni ulimwita Adalbert. Hakimu akamuuliza kama ni kweli mzee Chanda alisema maneno yale, naye akajibu kwamba ni kweli, neno kwa neno, na akaketi akitazama viatu vyake. Wengi wetu tuliokuwa pale tulimchukia kwa dakika hiyo, na leo tunamwomba radhi, kwa sababu aliulizwa swali moja na akajibu lililo kweli, na kazi yake ilikuwa juu ya ulimi wake.

Ndipo Paulin, bila kuruhusiwa na yeyote, alipoinuka kwa kushikilia kiti cha mbele, akasema kwa sauti iliyojaza chumba, "Weye Mamba, ulinona! Kuya basi unikule, nilibakia miba tu." Wakili wa kampuni akasimama kupinga. Watu wa Luapula waliokuwa nyuma walijua kilichokuwa kinatendeka, maana mtani aliyetukanwa akinyamaza, utani umekufa, si kati ya watu wawili tu, bali kati ya koo zote mbili, na wajukuu wao hawatazikana. Adalbert akainua kichwa, akasema, "Miba ya namna hii, hata mamba ya njaa inatapika!" na kicheko kilichotoka viti vya nyuma kilimfanya polisi wa mlangoni achungulie ndani.

Hakimu, mtu wa mbali na Luapula, hakucheka. Aliuliza kama shahidi anamtukana mgonjwa. Adalbert akasema, "Hapana, Bwana Président. Hii ndiyo kusalimiana yetu." Hakimu akauliza kama siku ile ya Agosti kule Kasenga nayo ilikuwa salamu. Adalbert akasema ndiyo, ilikuwa salamu. Hakimu akauliza, basi ridhaa yenyewe ilisemwa lini, naye akajibu, "Hatukufika pale, Bwana Président. Chakula ilikuwa tayari, lakini tulienda." Maître Madeleine hakuuliza swali lolote zaidi, na anasema kwamba katika maisha yake ya uwakili ndilo jambo gumu zaidi alilowahi kufanya, kukaa kimya wakati ule.

Mkataba wa kazi wa Adalbert ulipokwisha Desemba haukufanywa upya. Tarehe 12 Juni 2025 mahakama iliamua kwamba wenyeji hawakuulizwa kama sheria inavyotaka, na ikafuta ukodishaji kwa upande wa zile mbuga, ikiacha mlango wazi kwa yeyote atakayetaka kuja kuuliza upya. Siku hiyo Paulin alikuwa amelazwa, na aliposomewa hukumu aliuliza kama imeandikwa humo kwamba alikula pesa au hakula, na Séphora akamwambia kwamba hakimu hakuligusa jambo hilo, na akasema ni sawa, hilo si la hakimu. Serikali na kampuni zilikata rufani, kama zilivyo na haki ya kufanya, na kesi itasikilizwa tena tarehe 25 Machi mwaka huu.

Kuanzia Septemba alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Adalbert alimtembelea karibu kila siku, akimtukana tangu kwenye korido, mpaka muuguzi mmoja mpya alimfukuza na ikabidi mgonjwa mwenyewe amwombee. Katika wiki ya mwisho hakuzungumzia maumivu, alizungumzia kesi, akimuuliza Maître kama kesi ya mtu aliyekufa inakufa naye, maana jina la kwanza lilikuwa lake na alihofia kwamba atazichukua mbuga kaburini, safari hii bila utani. Maître alimweleza kwamba wengine wa vijiji wanabaki, lakini nafasi ya mzee wa ukoo ni lazima ichukuliwe na mtu, la sivyo upande wa pili utasema kwamba walinzi wa mbuga wameacha. Paulin Chanda Mwila alifariki Jumanne tarehe 3 Februari 2026, alfajiri, akiwa na Mama Hortense, kabla hatujamjibu ni nani.

Tulikaa Alhamisi kulitafuta jibu hilo, na halikuwa kikao chepesi. Kwa sheria mrithi ni mtoto, kwa desturi ni mtoto wa dada, kwa sababu watoto wa Paulin ni wa ukoo wa Mama Hortense na hawana neno juu ya mbuga za Samaki, na wazee walisema kwamba Gracia akisimama, Kasenga hawatamtambua, na Maître akasema kwamba Cathy, binti wa dada wa marehemu, akisimama peke yake, mahakama haitamtambua. Mtu mmoja alitamka kwamba labda tuiache, tumechoka, na hatumtaji hapa kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amelifikiria hilo. Waliotutuliza ni watani. Walituambia kwamba ukoo wa Samaki una vichwa vingi na akili moja ndogo, na wakatuamuru tule. Tukala. Baada ya chakula ikaonekana kwamba Gracia atatia sahihi na Cathy atasema, kila mmoja kwa haki yake, na kwamba wataingia mahakamani pamoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, na yule muuguzi mpya hasa, ambaye baadaye alijifunza kumtukana Adalbert kwa niaba ya mgonjwa. Majirani wa Katuba waliotoa viti, maji na usiku wao. Maître Madeleine, ambaye tangu Juni hakutuuliza juu ya malipo yake, ila habari za mgonjwa tu. Mawakili wa upande wa pili waliotuma ua, na tumeliweka pamoja na mengine. Wavuvi wa vijiji vinne, na wale ba mama wa Kenya ambao juzi walikuja na barafu ya kumhifadhi, wakaiweka chini bila kusema kitu, nasi tukaipokea vilevile. Wageni wasishangae watakapowasikia watu wa Mamba wakimtukana marehemu pale kaburini, wala wasiwazuie, ni haki yake.

Tarehe 25 Machi, saa tatu asubuhi, tutakuwa mahakamani, na anayetaka kuja aje. Ba Paulin, ulituuliza swali ukaondoka kabla ya jibu, na jibu ndilo hili: Gracia na Cathy wamekwisha kushona nguo za siku hiyo. Pumzika, Tate, baba yetu, kwa amani yote. Kusimama sasa ni zamu yetu.